Sikio la Simba Kwenye Misitu ya Nairobi: Jinsi ya Kulitambua Ua Hili na Kuwajua Wanaolichavusha

Nenda Karura wiki chache baada ya mvua za masika kupungua, ufuate njia mpaka pale miti inapoachana na jua kugusa nyasi. Hapo utaiona mimea mirefu, mingine imekupita kimo, na kwenye shina la kila mmoja kuna matufe ya rangi ya machungwa yaliyopandana moja juu ya jingine, kama shanga kubwa zilizotungwa kijitini. Wengi hupita wakikimbia au wakiendesha baiskeli. Mimi naomba usimame, kwa sababu mmea huu ni wa hapa hapa kwetu, na ukikaa nao nusu saa utakuonyesha kwa macho yako jinsi ua na ndege walivyoumbika kufaana.

Wataalamu wa mimea huuita Leonotis. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni sikio la simba, kwa ajili ya manyoya yaliyo kwenye sehemu ya juu ya ua. Humu nitauita sikio la simba. Nairobi ina ndugu wawili wa asili, Leonotis ocymifolia na Leonotis nepetifolia, na kazi yetu ya kwanza ni kuwatenganisha hao wawili kati yao, kisha kuwatenga na mimea mingine inayofanana nao.

Wakati, mahali na vya kubeba

Maua huwa mengi mvua zikishapita na mmea ukashiba maji, yaani baada ya masika ya Machi hadi Mei, na tena baada ya mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Fika mapema. Maua ambayo hayajatembelewa usiku kucha huamka na mbochi, ndiyo ile asali changa ya ua, na ndege huijia jua linapochomoza. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wangu. Saa sita mchana utaona maua vizuri lakini wageni wachache.

Usiutafute ndani kabisa ya msitu wenye giza. Sikio la simba hupenda ukingo: kando ya njia, mahali mti ulipoanguka ukaacha mwanga, vichaka vinavyopakana na nyasi. Karura ina zaidi ya hekta 1,000 na kingo za namna hiyo ni nyingi. Msitu wa Ngong Road na ule wa Ololua kule Karen pia vinafaa, na hata City Park ukiwa huwezi kwenda mbali. Kila nikilipa ada langoni Karura namkumbuka Wangari Maathai, aliyepigwa huko Januari 1999 alipokwenda kupanda mti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Bila yeye, zile kingo ninazozisifu zingekuwa kuta za mawe leo.

Beba simu yenye kamera, daftari, kalamu ya risasi (wino hufutika kwa umande), rula ndogo, na darubini ukiwa nayo. Suruali ndefu ni lazima, kwa sababu thabai, ule mmea unaowasha ngozi, humea mahali pale pale, na kabla ya kuketi angalia chini kama kuna siafu. Nenda na mwenzako.

Na usichume. Msitu una sheria zake, halafu hakuna hatua hata moja humu inayohitaji ua lililokatwa. Maua yaliyoanguka chini yatakutosha, na baadaye utaona kwamba ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko yote.

Hatua ya kwanza: shika shina kabla ya kutazama rangi

Kosa ambalo karibu kila mtu huanza nalo ni kufuata rangi. Nairobi imejaa maua ya rangi ya machungwa, na mengi si ya hapa. Isitoshe, mara chache hutokea sikio la simba lenye maua meupe, na anayefuata rangi atalipita bila kujua. Kwa hiyo anza na kidole.

Shika shina kwa upole, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi pembe nne. Shina la mraba ni alama ya ukoo wa kivumbasi, mrehani na nanaa, na sikio la simba ni wa ukoo huo. Kama una chungu cha mrehani jikoni, fanya zoezi hilo nyumbani kwanza ili kidole kizoee.

Sasa tazama majani yanavyotoka. Yanatoka mawili mawili, yakielekeana, na jozi inayofuata juu yake imegeuka, ikifanya msalaba na ya chini. Ukitazama kutoka juu, ile misalaba unaiona wazi.

Hapa kuna mtego. Lantana, kile kichaka kilichotoka Amerika na kutapakaa kwenye kingo zetu, nacho kina shina la mraba na majani yanayoelekeana. Nilishindwa hapo mwanzoni, na nimewaona wengine wakishindwa pia. Tofauti ni tatu. Shina la lantana lina vimiiba vidogo vinavyokwaruza; la sikio la simba halina, miiba yake iko kwenye matufe peke yake. Maua ya lantana ni madogo, yamekusanyika bapa kama sahani kwenye ncha ya kitawi, mara nyingi rangi mbili pamoja; ya sikio la simba ni marefu kama mirija. La tatu ndilo kubwa: kwa sikio la simba, shina hupita katikati ya tufe na kuendelea juu hadi tufe jingine. Ukiona shina limetoboa tufe la maua likaendelea na safari, umefika.

Hatua ya pili: majani yanakuambia ni ndugu yupi

Leonotis nepetifolia huishi msimu mmoja, huzaa mbegu, hufa. Kwa kawaida husimama kwa shina moja lililonyooka, matawi machache, na kimo chake chaweza kupita mita mbili. Jani lake ni jembamba kwa unene, pana kwa umbo, linakaribia moyo, na limebebwa na kikonyo kirefu. Kikonyo hicho ndicho cha kupima: ukiweka rula ukakuta sentimita kadhaa za kikonyo kitupu kabla jani halijaanza, basi huyo ni nepetifolia. Hupenda ardhi iliyowahi kuchezewa, kama shamba lililoachwa, boma la zamani, ukingo wa barabara.

Leonotis ocymifolia ni kichaka cha miaka. Chini ni kigumu kama mti, na mashina kadhaa hutoka pamoja kwenye kisiki kimoja. Kikonyo cha jani ni kifupi zaidi. Geuza jani ulisugue upande wa chini kwa kidole: mara nyingi utahisi manyoya mazito na mororo, na rangi yake imepauka kuliko ya juu. Huyu ndiye utakayemkuta zaidi kwenye vichaka vya ukingo wa msitu.

Yuko wa tatu, na yeye si wa hapa. Mwaka juzi nilisimama kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, nikauona mche wenye matufe ya machungwa.

"Mama, huu ni wa asili ya huku kwetu?"

"Wa huku kabisa, baba. Ndege wanaupenda, utaona."

Kuhusu ndege alisema kweli. Kuhusu asili, jani lilikataa. Lilikuwa refu na jembamba kama ncha ya mkuki, halina upana wa moyo wala kikonyo kirefu. Huyo ni Leonotis leonurus wa Afrika Kusini, anayependwa sana kwenye bustani. Sidhani mama yule alikusudia kunidanganya. Naye aliuziwa hivyo. Lakini mtu anayetaka kurudisha mimea ya asili kwenye kiwanja chake ana haki ya kujua anachonunua, na jani jembamba litakuambia hata pale mwuzaji asipojua.

Hatua ya tatu: ua moja, kwa karibu

Chagua tufe moja. Utaona kwamba si maua yote yaliyofunguka. Machache yamechanua, mengine bado vichipukizi vyenye manyoya, na mengine yameanguka yakaacha vikombe vya kijani vyenye ncha za miiba. Tufe halimalizi maua yake kwa siku moja, huyatoa kidogo kidogo, na ndiyo sababu ndege huendelea kurudi pale pale.

Sasa sogeza jicho kwenye ua moja lililochanua. Ni mrija uliopinda kama upinde, umefunikwa manyoya ya machungwa kama mahameli. Mdomoni umegawanyika sehemu mbili. Ya juu ni ndefu, imeinama mbele kama kofia, na pembeni imepambwa manyoya: hilo ndilo sikio la simba lenyewe. Ya chini ni ndogo, hukunjamana na kunyauka mapema. Watu hudhani ua limeharibika, lakini ndivyo lilivyo. Maua mengi yanayochavushwa na nyuki yana sehemu pana ya chini, ambayo nyuki huitumia kama uwanja wa kutua. Hili limeuondoa uwanja huo kwa sababu mgeni linayemngoja hatui hapo.

Okota ua lililoanguka, lipasue polepole kwa ukucha chini ya ile kofia. Utakuta nyuzi nne zimelala, mbili ndefu na mbili fupi, kila moja na kifuko cha chavua kichwani. Kati yake kuna uzi mwingine uliogawanyika ncha: huo ni wa kike, unaopokea chavua. Vyote vimebanwa juu, kwenye paa la ua. Weka picha hiyo akilini. Mbochi uko chini kabisa ya mrija, chavua iko kwenye paa la mlango. Anayetaka mbochi kwa njia ya halali lazima apitishe paji lake la uso chini ya paa hilo.

Ukiwa na ua bichi lililodondoka asubuhi, linuse. Halina harufu ya kuita mtu kwa mbali. Ndege hawafuati harufu, wanafuata rangi, na rangi zinazokaribia nyekundu huwavuta wao ilhali nyuki haioni nyekundu vizuri.

Hatua ya nne: keti

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Wakishapata jina la ua huondoka.

Keti umbali wa hatua saba au nane, jua likiwa mgongoni mwako, usivae nguo za kung'aa. Hesabu matufe uliyo nayo mbele na maua yaliyochanua, uandike. Kisha weka saa ya simu dakika 15 na usisogee. Dakika tano za mwanzo hazina faida kubwa, kwa sababu ndege bado wanakutazama wewe.

Atakayekuja kwanza, mara nyingi, ni chozi. Kwa wasiomjua, chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na jina lake ni sawa na chozi la machoni. Usiandike "chozi" tu ukaishia hapo. Nairobi ina chozi wa aina kadhaa, na tofauti zao zina maana kubwa kwa ua hili.

Chozi wa rangi ya shaba, ambaye wataalamu humwita Nectarinia kilimensis, ni wa kawaida sana mjini. Dume huonekana mweusi mpaka jua limpige, ndipo anapogeuka shaba na kijani. Mkiani ana nyoya mbili ndefu zinazopita nyingine. Jike ni wa kijivujivu, kifua cha njano hafifu chenye michirizi. Mdomo wao ni mrefu na umepinda, karibu sawa na upinde wa mrija wa ua. Mtazame anavyofanya kazi: hatui kwenye ua. Anashika shina, au anakanyaga tufe lililokauka, anainamisha kichwa na kuingiza mdomo wote. Pale pale kofia ya ua inamgusa paji la uso. Akitoka, tazama paji hilo kwa darubini. Mara nyingine utaona vumbi la chavua limeshika kwenye manyoya juu ya mdomo, na anakwenda nalo mpaka tufe linalofuata.

Wapo pia chozi mwenye kifua chekundu na chozi mweusi mwenye koo la zambarau, wote wenye midomo mizuri kwa kazi hii. Na kuelekea nyanda za juu, upande wa Limuru, yupo chozi mwenye mabawa ya dhahabu, ambaye kingo za mabawa na mkia wake ni za njano. Mdomo wake umepinda zaidi, utadhani umechongwa kwa kutumia ua hili kama kipimo. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha utafiti walioufanya hapa Kenya juu ya ndege huyo anavyolinda eneo lake la Leonotis. Ukubwa wa maeneo ulitofautiana sana, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, kiasi cha 1,600, yaani yanayomtosha ndege mmoja kwa chakula cha siku. Ndege haangalii ukubwa wa kiwanja, anaangalia maua. Kwa hiyo ukimwona dume akimfukuza mwenzake kwa kelele, andika. Hiyo ni habari ya ua pia: kichaka hicho kina mbochi wa kupigania.

Halafu anakuja yule mdogo mwenye tumbo la njano na kifua cha buluu na kijani, Cinnyris venustus. Ni mzuri, na mdomo wake ni mfupi. Mwangalie kwa makini zaidi kuliko wote, kwa sababu chozi mwenye mdomo mfupi ana njia mbili. Anaweza kujisukuma kupitia mlangoni, au anaweza kwenda ubavuni, akatoboa mrija karibu na kikombe na kunyonya mbochi bila kugusa chavua hata chembe. Wa namna ya pili si mchavushaji, ni mwizi. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa nao hufanya wizi huo kwenye maua ya mirija mirefu, kwa kuchana ubavu.

Nyuki wa asali hupenda kukwea chini ya kofia kukusanya chavua. Ni mdogo, kwa hiyo anaweza kuchukua chavua bila kugusa uzi wa kike, na mara nyingine huugusa. Mwandike, lakini andika alichofanya. Sisimizi hupanda kwa shina kufuata utamu. Hao wahesabu kama wapita njia.

Kwa kila mgeni basi andika mambo manne: ni nani, aliingia kupitia mlangoni au ubavuni, alitembelea maua mangapi, na kichwa chake kiligusa kofia au la. Daftari lenye mistari kumi ya namna hiyo lina thamani kuliko picha mia za ndege aliyetua.

Na kama siku hiyo ndege hawakuja, bado usiondoke mikono mitupu. Inama chini ya mmea, okota maua 20 yaliyodondoka, uyatazame moja moja upande wa chini karibu na palipokuwa kikombe. Penye tundu au mpasuko mdogo wenye kingo za hudhurungi, mwizi amepita. Hesabu yenye tundu na yasiyo nayo. Rudia kwenye kichaka kingine, na kile kilicho karibu na barabara, na kile cha ndani zaidi. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, na ndipo nilipoelewa kwamba ardhi chini ya mmea ni daftari lililokwisha kuandikwa kabla sijafika.

Picha na uthibitisho

Picha moja ya tufe la machungwa haimsaidii mtu yeyote kukuthibitishia. Piga tano: mmea mzima na mahali ulipo; shina kwa karibu, pembe zionekane; jani upande wa juu pamoja na kikonyo chake chote, rula kando; jani upande wa chini; na ua kutoka ubavuni ili upinde na kofia vionekane. Kisha ziweke kwenye programu ya iNaturalist, ambako watu wanaojua mimea ya Afrika Mashariki huzipitia. Ukibaki na shaka kati ya ndugu wawili, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iko pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, na wanaofanya kazi humo wameona majani mengi kuliko programu yoyote. Kwa upande wa ndege, jiunge na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira. Kutembea kwa muda wa saa mbili na watu wenye masikio yaliyozoea kutakufundisha sauti ya chozi kiasi kwamba utamjua kabla hujamwona.

Ukitaka kuliweka nyumbani

Mbegu za nepetifolia huota kwa urahisi. Omba kwa mwenye shamba au kiwanja ambako imejiotea, usizitoe msituni. Ngoja tufe likauke liwe la kahawia, uvae glavu nene, kwa maana miiba ya tufe kavu huchoma na kukatikia kwenye ngozi, kisha ligeuze juu ya gazeti ulitikise. Kila kikombe hubeba mbegu hadi nne, nyeusinyeusi, zenye pembe. Zisambaze mvua zikianza, uzifunike kwa udongo kidogo sana, mahali penye jua. Hata ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kwenye baraza ya gorofani.

Ukishapata mimea yako mwenyewe, unaweza kufanya jaribio ambalo msituni hukuruhusiwa. Chagua matufe mawili ya umri mmoja. Moja livike kipande cha chandarua kuukuu kabla maua hayajachanua, ukifunge juu na chini kwenye shina ili chozi wala nyuki wasipenye, lakini hewa ipite. Jingine liache wazi. Yakikauka yote mawili, fungua kikombe kimoja kimoja, uhesabu mbegu na kuandika: tofauti kati ya mawili hayo itakuonyesha ua linawategemea wageni wake kiasi gani. Fanya kwa jozi tano au sita, si moja, maana tufe moja laweza kuwa na sababu zake. Ukivisha chandarua, andika tarehe kwenye kitambaa na ukifunge kwenye shina, kwa sababu tufe huchukua wiki kadhaa kukauka na utasahau.